Picha Niliyoibandika kwa Asali

Mwalimu ana ugonjwa mmoja usio na dawa: akimwona mtu anafanya jambo kwa namna yake, mkono unamwasha kumsahihisha. Mimi ugonjwa huo ulinianza mapema, nikiwa bado na harufu ya chuo, na mtu wa kwanza kumsahihisha kwa kweli alikuwa mama yangu mkubwa. Nilimsahihisha namna ya kutunza picha ya mwanaye. Nitaeleza ilivyokuwa bila kujipamba, maana katika miaka ile nilijipamba vya kutosha.

Mama mkubwa alikuwa dada wa mama yangu. Mama alifariki nikiwa msichana mdogo, sijang'oa meno ya utoto, na dada yake akanichukua kwake Mpimbwe, akanilea pamoja na mwanaye wa pekee, kijana aliyenizidi miaka mingi. Huyo nilimwita kaka. Alikuwa na miguu mirefu na tabia ya kucheka kabla hajamaliza kusimulia, hata hadithi zake nyingi hatukuwahi kujua ziliishia wapi. Katika miaka ya mwanzo ya Uhuru alikuja Mpanda, akapanda treni, akaenda Tanga kukata mkonge. Siku moja kabla ya safari alipiga picha katika studio ya mjini, akamkabidhi dereva wa lori ampelekee mama yake kijijini. Hakurudi. Ilikuja barua ya mwenzake kusema aliugua, amekufa, amezikwa hukohuko. Mama mkubwa hakuona kaburi, hakuletewa hata shati. Siku za matanga ile picha ililazwa juu ya mkeka mpya katikati ya nyumba, na watu wakaililia hiyo.

Matanga yalipokwisha aliifunga picha katika kitambaa alichokipaka nta. Akakitia kitambaa ndani ya kilindo, ule mkebe wa gome la mti ambao kwetu watu huwekea mbegu na asali, akakipandisha kilindo kwenye uchaga juu ya mafiga. Huko juu walikaa mahindi ya mbegu, maharage, na kaka. Moshi uliwapitia wote asubuhi na jioni. Sikukuu ikifika alikishusha kilindo, akaitazama picha, akaniruhusu na mimi niitazame bila kuigusa, kisha akaifunga tena. Kwa miaka kumi na zaidi hakuna mdudu aliyeisogelea. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa na kujikunja kwenye kingo, lakini kaka alionekana mpaka vifungo vya shati lake jeupe, amesimama mbele ya pazia la studio lililochorwa ngazi na maua, mkono juu ya kigoda.

Kisha watu wakaambiwa wahamie vijiji vipya. Nyumba ya mama mkubwa ilibaki nyuma, na uchaga wake ukabaki nayo. Wakati huo mimi nilikuwa nafundisha Mpanda na kukaa Ilembo, katika nyumba ya bati iliyozungukwa na mashamba ya mihogo. Alikuja kwa lori la mpunga, kilindo amekipakata kama mtoto mchanga. Macho yake tayari yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alinitambua kwa sauti kabla ya sura. Akanieleza kwamba huko walikopelekwa analala kibandani, mafiga yako nje, hana pa kutundika kitu mpaka atakapojenga.

"Wewe mwanangu una nyumba," alisema. "Nitunzie kaka yako. Ila umweke juu ya moshi."

Nikasema sawa, Mama. Nilisema upesi, kama mtu anayejibu salamu.

Moshi wenyewe sikuwa nao. Nilipikia jiko la mkaa barazani, na nililionea fahari. Alipoondoka nilifungua kile kitambaa mezani, nikashikwa na aibu. Picha ya kaka ilinuka kama samaki mkavu anayeletwa kutoka Kapalamsenga, kule ziwani. Nilijiuliza walimu wenzangu wangesema nini wakiona mtu aliyesoma ananing'iniza marehemu wake jikoni pamoja na mbegu. Niliona natakiwa kumwokoa kaka. Neno ndilo hilo hasa nililolitumia moyoni, kumwokoa.

Chuoni tulikuwa tumefundishwa kutengeneza albamu. Mkufunzi wetu wa kazi za mikono alikuwa mwanamke mkali, na masharti yake nayakumbuka kama Baba Yetu. Kurasa ziwe za manila nyeusi, kwa sababu picha hung'aa juu ya weusi. Kati ya ukurasa na ukurasa iwekwe karatasi ya shashi, ile nyepesi inayoonyesha upande wa pili, ili picha zisisuguane. Kitabu kishonwe kwa sindano ya shazia na uzi wa katani, wala kisipigwe pini, kwa kuwa pini hushika kutu na kutu hutembea. Picha yenyewe isitiwe gundi hata kidogo. Ishikwe kwa vipembe vinne vya karatasi vilivyokunjwa kama kofia, na gundi ipakwe nyuma ya vipembe tu. Na gundi ikipikwa kwa wanga wa muhogo, lazima itiwe mrututu, ule unga wa buluu ambao watu hunyunyizia vidonda, maana wadudu hupenda wanga kuliko watu wanavyopenda pilau.

Nilianza kazi wakati wa kiangazi, jioni baada ya vipindi. Manila nyeusi nilizitoa shuleni kwa njia ambayo mwalimu mkuu hakuijua. Shashi nilizitoa kwenye maboksi ya viatu, nikazinyoosha kwa pasi ya mkaa isiyo na moto mwingi. Jalada nililikata kwenye boksi la sabuni, nikalivika kitenge. Nikakusanya na vitu vingine vya ukoo: tiketi ya treni ya safari yangu ya chuoni, utepe wa ubatizo wangu, bahasha ya ile barua ya Tanga, picha nne tano za shule. Kila kimoja nilikipangia mahali pake. Ukurasa wa katikati niliuacha kwa ajili ya kaka, na chini yake nikaandika jina lake kwa wino mweupe, mwandiko wa ubaoni.

Vipembe vilikubali kushika picha zote isipokuwa yake. Moshi ulikuwa umeikunja, na kila nilipoiingiza kwenye vipembe ilichomoka, ikajiviringa kama gome la mti. Nilijaribu kuikandamiza chini ya vitabu siku nzima, ikainuka vilevile. Hapo ndipo nilipokosa subira. Niliamua kuibandika yote, mgongo mzima.

Gundi ya dukani haikuwepo. Miaka ile mambo mengi hayakuwepo dukani. Nilichemsha wanga wa muhogo mpaka ukawa uji mzito unaong'aa. Mrututu sikuwa nao, na kuutafuta kungenichelewesha. Badala yake nilitia asali. Hilo sikufundishwa chuoni. Lilikuwa la kwetu. Mpanda asali haikosekani, na kila fundi wa Mpanda anajua kwamba ukitia asali kidogo kwenye uji wa muhogo, gundi haikauki ikapasuka. Mafundi wa ngozi walifanya hivyo, washona magunia walifanya hivyo. Mimi nikatia vijiko viwili, kwa kuwa nilitaka kaka akae asibanduke tena. Nikapaka, nikalaza, nikafuta kingo kwa kitambaa chenye maji, nikaweka jiwe juu. Asubuhi picha ilikuwa imenyooka kama imetoka studio. Nilijisifu, sitaficha. Nilifunga albamu kwa utepe, nikaitia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Kile kilindo nikampa jirani aweke chumvi.

Waliosema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, walikuwa wamewahi kunifikiria mimi.

Masika ya mwaka ule yalinyesha bila kupumzika. Sikufungua sanduku mpaka mvua zilipokatika, nilipotaka kumwonyesha mwalimu mgeni kazi yangu. Yule mgeni alikuwa amekaa sebuleni anasubiri, nami niko chumbani nimepiga magoti, albamu imefunguka mikononi. Sisimizi walikuwa wamepita kwenye tundu la kufuli. Nyuma yao wakaja mende. Walikuwa na nafasi ya kula chochote: utepe, bahasha, picha za shule. Hivyo vyote walivipita. Walikwenda moja kwa moja ukurasa wa katikati, kwenye gundi yenye asali, wakala kuanzia nyuma kuja mbele. Zilibaki suruali, viatu, na mkono mmoja umeshika kigoda. Kuanzia kifuani kwenda juu kulikuwa na manila nyeusi tupu, na pembeni vinyesi vya mende. Jina lake chini yake lilisomeka vizuri sana.

Nilirudi sebuleni nikamwambia mgeni kwamba sanduku limegoma kufunguka.

Kilichonitesa si kwamba nilikosea. Watu hukosea. Niliambiwa maneno machache tu, umweke juu ya moshi, na niliyemdharau ndiye aliyenilea. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Basi angalau lingevunjika langu.

Nilikwenda studio. Ilikuwa ileile, nyuma ya duka la vitambaa, na mwenyewe yuleyule, mzee wa Kiislamu mwenye sauti ya taratibu, aliyemwita kila mteja kwa kazi yake. Nilimweleza kwamba natafuta filamu ya picha ya marehemu kaka yangu, nikamtajia mwaka. Alisikitika kweli. Akaniambia paa lilivuja zamani, filamu za miaka ile zikagandana, akazitupa. Lakini hakuniacha niende mikono mitupu. Alishusha mkebe wa biskuti uliojaa picha za watu ambao hawakurudi kuchukua, akasema, tazama, mwalimu, pengine alipigwa mbili.

Nilitazama nyuso nyingi. Wasichana wenye saa za kuazima, askari, maharusi wasiotazamana. Karibu na mwisho nikamkuta kijana mwenye miguu mirefu amesimama mbele ya pazia lilelile lililochorwa ngazi na maua, mkono juu ya kigoda kilekile. Shati jeupe. Uso haukuwa wa kaka hata kidogo. Huyu alikuwa na mashavu, na alitazama kama mtu aliyeambiwa asipumue.

Mzee akaniuliza, "Ndiye?"

"Ndiye," nikasema.

Sikuwa nimepanga. Neno lilitoka, na lilipokwisha kutoka likanipa nafuu, nami nikalifuata. Nilipotoa kikoba, mzee alinizuia mkono. "Picha ya marehemu siiuzi," alisema, akaifunga katika karatasi, akaniombea Mungu. Nilitoka pale nikiwa nimemfanya maiti kijana wa watu ambaye pengine yu hai mpaka leo.

Nilitia ukurasa mpya, nikaliandika jina la kaka upya. Safari hii nilitumia vipembe, na gundi yake niliitia mrututu.

Mama mkubwa alikuja baada ya mavuno, na debe la mchele. Ukungu wa macho ulikuwa umekomaa; alitofautisha mchana na usiku, mlango na ukuta, basi. Alikula, akanawa, akasema anataka kumwona mwanaye. Nilimletea albamu mkekani. Nilimshika kidole nikakiweka juu ya shashi, hapo penye uso.

Akainama akanusa. "Hana moshi," alisema.

Nikamweleza, kwa sauti ileile ya darasani, kwamba hiyo ndiyo faida ya albamu, kwamba moshi unaharibu, kwamba sasa ni msafi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema vizuri kusoma. Kisha akaanza kuzungumza na mwanaye, taratibu, kama wanavyozungumza watu wanaochambua mboga. Alimpa habari za kijiji kipya, nani kajenga karibu na nani, mbuzi kazaa pacha, mpunga wa mwaka huu umeota vizuri kule bondeni. Kijana wa mashavu alimtazama bila kupumua. Mimi nilikaa pale nimeshika kitabu kisifunge, kwa maana hiyo ndiyo kazi iliyobaki kwangu.

Alikuja hivyo mara tatu, nne. Kila alipokuja nilisema moyoni kwamba leo nitamwambia. Kila alipoondoka nilisema, mwacheni mzee wa watu afurahi, inamdhuru nini? Nilijifundisha kuuita uongo wangu huruma. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na ilikuwa na kivuli pande zote mbili, na nilizoea kuitembea.

Kisha mwaka mmoja likasomwa tangazo kanisani. Madaktari wa macho watafika hospitali ya misheni. Wazee walioingiwa na ukungu waandikishwe. Ukungu unaweza kutolewa na mtu akaona. Paroko aliomba walimu tusaidie kuandika majina kwa kuwa tuna miandiko mizuri. Nilikaa mezani parokiani Jumamosi nzima. Watu waliwaleta mama zao wamewashika mkono. Niliandika jina, kijiji, umri wa kukisia. Niliandika mama za watu wote waliokuja.

Katekista wa kijiji cha mama mkubwa alikuwa ameniletea barua wiki hiyohiyo. Mama yako amesikia, amenituma nikuandikie, anaomba umwandikishe wewe uliye karibu. Barua ilikuwa ndani ya mkoba wangu, chini ya meza, inagusa mguu wangu. Karatasi ya mwisho ilipokaribia kujaa, ilibaki mistari mitatu. Niliitazama ile mistari. Nilimwona mama mkubwa akitoka hospitali, anaona, anakuja kwangu moja kwa moja. Nikaweka kifuniko kwenye kalamu, nikampelekea paroko karatasi, akanishukuru.

Nilimjibu katekista kwamba orodha imejaa, mama avumilie mwakani.

Mpaka leo sijui kumwelezea mtu jambo hilo likaeleweka. Sikumchukia. Nilimpenda kuliko mtu yeyote aliyekuwa hai. Nilimwacha kipofu mwaka mzima ili asinione mimi nilivyo. Na mwaka ule haukuwa mwepesi kwake. Aliunguza mkono kwa maji ya ugali, mpaka kwenye kiwiko, kwa kuwa hakuona sufuria ilipo. Nilikwenda kumwona, nikamfunga bandeji, akaniombea baraka kwa kuacha kazi zangu na kuja mbali kote huko. Nililala usiku ule kando yake nikimsikia anavyougulia maumivu usingizini, na hata hapo sikusema.

Mwaka uliofuata katekista hakuniuliza. Alimwandikisha mwenyewe, akampandisha lori mwenyewe, na habari nilizipata mtawa wa hospitali aliponiita niende nikakae na mgonjwa wangu. Alikuwa kitandani, macho yote mawili yamefungwa, anatabasamu kama bibi harusi. Nilimpelekea uji asubuhi na jioni. Siku hizo nilikuwa na nafasi nzuri kuliko zote. Amefungwa macho, tuko wawili, ana furaha ya kusamehe dunia nzima. Nilianza mara mbili. Mara ya kwanza akaja muuguzi. Mara ya pili hakuja mtu, nikauliza kama uji una chumvi ya kutosha. Nilifikiria hata kuichoma albamu na kusema imeibwa. Sikuwa na moyo wa kusema kweli, wala wa kutunga uongo mpya.

Alifika Ilembo amevaa miwani minene iliyomkuzia macho. Alinitazama mimi kwanza, muda mrefu, juu mpaka chini.

"Kumbe umekuwa mama mtu mzima," alisema. "Na mimi nakuombea kila siku kama mtoto."

Tulicheka. Aliizunguka nyumba akigusa vitu na kuvitaja: kabati, pazia, jagi. Alitoka nje akautazama muhogo. Alikunywa chai. Alimaliza kikombe, akakigeuza, akasema, "Sasa nipe mwanangu."

Nilimletea. Alikataa kukaa ndani, akasema mwanga hautoshi, akakipeleka kitabu barazani, akaketi kwenye ngazi. Nilisimama mlangoni nyuma yake. Alifungua mwenyewe. Alipita tiketi ya treni, akapita utepe, akafika katikati, akainua ile shashi kwa vidole viwili kama anavyoinua mtu kitambaa cha uso wa mtoto aliyelala.

Akatazama. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Akavua miwani akaifuta kwa khanga, akavaa, akatazama tena. Akafunua ukurasa wa mbele, akarudi, kana kwamba amekosea mlango.

"Ni huyu?" aliuliza.

Jina lilikuwa chini yake, kwa wino mweupe. Hakujua kusoma. Mungu alikuwa ameniwekea mlango wazi kabisa, na ningeweza kupita kwa neno moja.

"Ndiye, Mama."

Kuku walipita, jirani akasalimu kutoka barabarani, yeye bado amekiinamia kitabu. Nilipoinama kumtazama nikaona mashavu yake yamelowa chini ya ile miwani mipya.

"Nimemsahau," alisema. "Miaka yote hii nikifumba macho namwona mtu. Naongea naye. Kumbe siyo huyu. Sasa yule nilikuwa namwona ni nani?"

Nilimwambia macho bado hayajazoea, Mama, daktari alisema yatachukua siku. Nilimwambia ni miaka mingi. Nilimwambia picha hudanganya.

"Macho yamepona," alisema. "Nakuona wewe vizuri. Ni mimi. Mama gani anasahau sura ya mtoto aliyemzaa."

Aliteremsha shashi, akaifunga albamu, akanirudishia kwa mikono miwili. Hakuitaka tena siku ile. Jioni hakula. Kabla ya kulala aliniuliza kama padri huwapo kanisani mapema kabla ya kazi, nikasema huwapo.

Asubuhi tulikwenda. Alikuwa amevaa khanga yake nzuri. Njiani alinieleza, kwa sauti ya chini kwa sababu watu walikuwa wanapita, kwamba hawezi kurudi nyumbani akiwa na dhambi ile. Kwamba mtoto alikufa peke yake ugenini hana mtu wa kumshika mkono, na kitu kimoja tu alichobakiwa nacho duniani ni mama yake kumkumbuka, na hata hicho ameshindwa. Nilimshika kiwiko kwenye ngazi za kanisa, upande wa ule mkono wenye kovu la moto.

Padri alikuwa kwenye kiti cha kitubio, hakuna foleni. Nilikaa benchi la nyuma nikamtazama akipiga magoti. Ilimchukua muda. Niliona mabega yake yakitikisika, na mkono wa padri ukinyanyuka kumbariki. Alitoka, akapiga magoti mbele ya altare akasali malipizi yake, akaja akaketi kando yangu, anahema kama aliyetua mzigo.

"Padri anasema Mungu anasamehe hata hilo," alinong'ona. Kisha akanigusa goti. "Yupo bado. Na wewe, mwanangu, huendi?"

Nilimwambia lori la Mpimbwe linakaribia kuondoka, tutachelewa. Akainuka haraka akatafuta viatu vyake. Lori lile liliondoka saa nane mchana.